Mama Mkwe, Rinda la Zambarau na Mpiga Picha wa Msaada

Na wale watu wa msaada ambao niliwaambia habari zao jana, wamekuja. Jamani!

Mnajua mafuriko yalibeba jiko zima la mama mkwe wangu hapa Ishiara.

Leo mama akasikia kutakuwa na picha. Akaoga, akavaa rinda la zambarau alilovaa kwenye harusi yetu. Hapa mtu hapigwi picha ovyo ovyo.

Mpiga picha akamtazama kana kwamba amekosewa.

"Shosho, huna nguo nyingine? Iliyoraruka kidogo? Kisha ukae hapo kwa matope."

Shosho! Mama hata mjukuu hana. (Tulieni, tumeoana juzi tu.)

Mama akamuuliza, "Kijana, mama yako ukimpiga picha, unamkalisha kwa matope?"

"Wafadhili wanataka kuona shida. Bila picha, unga unarudi kwa gari."

Magunia ya unga yalikuwa yameshashushwa, moja kwa kila nyumba. Hatuna unga hata wa uji.

Ndipo mume wangu, huyu Njeru wangu, akainua gunia letu, akalitia begani na kuingia nalo ndani. Akatoka akipangusa mikono.

"Haya. Sasa piga picha ya mlango."

Uuuwi! Nilitaka kuolewa naye tena papo hapo!

Majirani nao wakabeba magunia yao. Yule bwana na viatu vyake vyeupe akabaki akipiga picha matope matupu. Yanamfaa.

Mama nimempiga picha mimi, kwa simu, amesimama na rinda lake. Si anapendeza? Semeni!

Wasichana wenzangu wa kwetu Maua, kabla mwezi huu haujaisha tunakuja, mimi na Njeru. Mjionee wenyewe mwanaume niliyepewa.