Pini za Mgongoni

Fundi cherehani alikuwa na mchezo wake: gauni likipendeza mbele, analibana mgongoni kwa pini, analipiga picha na kuitupia mtandaoni kabla hajamaliza kushona. Siku moja akajisahau, akamkabidhi binamu yake gauni la harusi na pini mbili ndani. Picha ilipendwa na watu mia tatu. Bibi harusi alichomwa mgongo ukumbini.

"Dada, wafuasi wako wameona mbele tu," alifoka. "Mimi nimelivaa lote!"

Fundi akafuta akaunti, simu akaifungia kabatini. Tangu hapo hatulii. Mkono unaingia mfukoni kutafuta simu, unatoka mtupu, unaingia tena. Jana ulitoka na pini. Akaguna, akaligeuza gauni lililokuwa mezani, akaanzia mgongoni.