Ng'ombe wa mahari yangu alipigwa chapa joshoni, baba akagoma kumpokea

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri. Mliobaki nawaitikia marahaba hata kabla hamjaniamkia.

Mimi humu ni msomaji tu, mzee wa kupita kimya kimya. Ila juzi nimewaona mnatoana macho kwenye ule uzi wa hereni za ng'ombe, zile za utambuzi wanazovalishwa sikioni. Mmoja kaandika eti wafugaji ni wabishi tu, hawataki maendeleo.

Nikacheka peke yangu mpaka mjukuu akaniuliza, "Bibi, kulikoni?"

Wabishi? Nyie watoto hamjaona mbishi. Mbishi alikuwa baba yangu mzazi, na ubishi wake nusura unizeeshe nyumbani bila mume.

Nitakayosema ni kweli tupu. Ila ni mambo ya zamani, mengine yananijia kama ndoto ya alfajiri, kwa hiyo nikikosea rangi ya ukungu mnisamehe. Rangi ya ng'ombe sitakosea.

Kwetu ni Igurwa, Karagwe. Miaka ya themanini ilikuwa inaelekea ukingoni, vita vya Uganda vimeshapita, ila watu bado wanasema "kabla ya vita" na "baada ya vita" kila wanapotaja umri wa mtoto.

Asubuhi za kule sijaziona kwingine. Ukungu unapanda kutoka bondeni taratibu, unafunika migomba, unafunika zizi. Ng'ombe humwoni. Unaona pembe tu, ndefu, nyeupe, zinaelea hewani na kugeuka polepole. Halafu unasikia pumzi. Halafu ndiyo unamwona mwenye pembe zake.

Nilikuwa nikisimama pale na kibuyu cha maziwa mkononi, nasahau nilichotumwa. Mama ananiita mpaka anachoka.

Sasa ndugu zangu, kwa baba ng'ombe hakuhesabiwa. Ukimuuliza unao wangapi, anakujibu, "Wapo." Kuhesabu kulikuwa kunaita mkosi. Wote tuliwajua kwa rangi na kwa majina, na jioni akikosekana mmoja baba alijua kwa kuangalia tu, kama mama anavyojua mtoto gani hajaja kula.

Na siyo wote walikuwa wake. Huyu ni wa rafiki yake, huyu kaachiwa na familia iliyotoka ng'ambo ya mto, huyu ndama wake wa kwanza kaahidiwa kwa shangazi. Zizi moja, wenyewe kibao, na hakuna aliyegombana na mwenzake.

Turudi kwangu.

Nilikuwa na mchumba, Deo, wa Kituntu. Tulifahamiana sokoni Omurushaka, mimi nimepeleka maharage, yeye anasubiri basi la Bukoba. Basi likaja likaondoka, yeye kabaki ananisaidia kubeba gunia. Mjanja yule.

Mshenga akaja, mazungumzo yakaenda vizuri, na katika mahari jambo kubwa lilikuwa ng'ombe mmoja. Anaitwa Bihogo. Kwetu bihogo ni ile rangi nyekundu iliyokolea, kama udongo wa barabarani mvua ikishanyesha. Huyu alikuwa mwekundu mwili mzima, hana doa.

Baba alikwenda Kituntu mwenyewe kumwona. Ng'ombe wa mahari kwetu hawi na kasoro: sikio lisiwe limechanika, pembe isiwe imevunjika, ngozi isiwe na kovu. Binti mzima, ng'ombe mzima. Ndivyo walivyosema wazee.

Aliporudi alikaa uani akatazama mbali, mdomo unacheza. Mama akaninong'oneza, "Amependa. Anamtungia sifa."

Na kweli. Baada ya muda tukamsikia, kwa sauti ya chini, "Bihogo, mtoto wa mvua ya vuli, ukipita majani yanainama." Kwa lugha yetu inaimbika vizuri kuliko hivi. Mimi mwenyewe hajawahi kunitungia sifa hata siku moja, jamani!

Tangazo la ndoa likasomwa kanisani. Nikawa natembea sikanyagi chini.

Ndipo ikaja amri ya chapa.

Mkutano uliitishwa kijijini. Bwana mifugo alikuwa kijana wa Muleba, mstaarabu kabisa, sitamsema vibaya. Akaeleza kwamba kila ng'ombe atapigwa chapa ya moto pajani, herufi na namba, ili serikali imtambue anapotoka. Ni lazima, siyo hiari.

Watu wakaguna. Mmoja akasema leo wanaandika, kesho watatoza, keshokutwa watachukua. Mwingine akauliza yule ng'ombe wa watu watatu ataandikwa jina la nani.

Baba akasimama.

"Mwanangu," akamwambia bwana mifugo, "ng'ombe siyo barua. Kwa nini umwandike?"

"Mzee, wizi umezidi. Ng'ombe wako akivushwa mpaka, ukamkuta kwa mtu, utathibitishaje ni wako?"

"Nitamwita. Akigeuka ni wangu."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Hata bwana mifugo alicheka. Baba hakucheka. Alinyoosha fimbo yake juu akaapa mbele ya wote: ng'ombe mwenye chapa ya moto hataingia zizi lake, awe wa kununua, awe wa zawadi, awe wa nani sijui. Hataingia maadamu yeye yu hai.

Wakampigia makofi. Mimi pia nilipiga. Laiti ningejua.

Haikupita muda mrefu, siku ya kuogesha ng'ombe ikafika Kituntu. Mnajua josho? Lile handaki la maji ya dawa, ng'ombe anatumbukia huku anatokea kule, kupe wanakufa. Wafugaji walilipenda josho. Siku hiyo wakaja na mifugo yao kama kawaida, wanapiga stori. Wanakaribia, wanaona moshi.

Chuma kilikuwa tayari motoni, na ng'ombe wameshapanga foleni ndani ya kile kichochoro cha miti. Kurudi nyuma hakuna.

Deo alikuja na baiskeli mchana wake, vumbi mpaka kwenye kope. Hakuingia ndani. Alisimama mlangoni akaniambia, "Wamemchoma."

Nikapiga ukelele nikijua ni mtu.

"Bihogo," akasema. Na yule mwanaume mzima machozi yakamtoka.

Baba aliposikia hakufoka. Heri angefoka. Alisema neno moja tu, "Nimeapa," akaingia ndani.

Kubadilisha ng'ombe haikuwezekana. Kwanza aliyeshatajwa katika mahari habadilishwi, ni nuksi. Pili, zizi lote la kina Deo lilikuwa limechomwa siku ile ile. Kwa hiyo ndoa ikasimama. Kanisani watu wananitazama, wanainama wanasemezana.

Na kana kwamba haitoshi, mama mdogo akaja na habari ya mgane mmoja wa Kyerwa, mzee, wake zake wawili walishatangulia mbele za haki, na ng'ombe wake kawaficha vilimani, hawana hata mkwaruzo. Baba alimsikiliza. Alimsikiliza kwa makini, wakuu! Nikalala na homa ambayo haikuwa malaria.

Aliyeniokoa ni mshenga. Alikuja, akanywa rubisi yake, ile pombe ya ndizi, taratibu, akafuta mdomo, akasema, "Mzee, Bihogo ana mimba."

Mshenga akaongeza, "Nauliza tu. Moto ulifika mpaka tumboni?"

Hatimaye baba akasema, "Haukufika. Akizaa jike, nitampokea huyo. Akizaa dume, basi."

Basi nikaanza kungoja.

Miezi ile siwezi kuwaelezea vizuri. Nilikuwa nikipalilia mtama, akili iko Kituntu ndani ya tumbo la ng'ombe. Niliota ndama wekundu wanatoka kwenye ukungu mmoja mmoja, wananipita, nikiwashika wanayeyuka mikononi. Senene walikuja wakaondoka, mvua ikaja ikaondoka, nami sikumbuki nilikula nini. Nakumbuka tu kuangalia ile barabara nyekundu, kusubiri baiskeli.

Ikaja. Deo anapiga kengele tangu kule bondeni kama kichaa. Nikajua kabla hajafungua mdomo.

Jike! Mwekundu kama mama yake.

Lakini ndama ananyonya, huwezi kumtenga na mama. Siku ya kuleta, baba mkwe akaja na wote wawili. Naye alikuwa na maneno yake yule mzee. Akamwambia baba, "Mwali nimekuletea. Huyu mwingine ni mama yake, amemsindikiza. Ukimfukuza shauri yako." Akageuka akaondoka zake, hata maziwa hakunywa.

Ndama akaingizwa zizini. Bihogo akafungiwa nje.

Sasa fikirini. Ndama analia ndani, mama analia nje. Zizi letu lilikuwa na ua wa minyaa, ile mimea yenye utomvu mweupe, imesokotana mpaka mkono haupiti. Bihogo alisimama upande wa chini wa ua, akaweka pua pale, hakuondoka. Baba akawa anamtoa ndama anyonye nje, kisha anamrudisha. Asubuhi na jioni, kazi ni hiyo hiyo.

Na nje kulikuwa na fisi. Kwa hiyo baba, ambaye hakutaka ng'ombe aingie, akahamisha mkeka wake akaenda kulala nje na mkuki, kumlinda. Mvua inamnyeshea, kajifunika gunia.

Mama akavumilia, kisha uvumilivu ukamshinda. Akatoka na kikombe cha uji, akamkabidhi, akamuuliza, "Mume wangu, nani kafungiwa nje hapa? Ng'ombe au wewe?"

Baba alikunywa uji.

Jioni moja Bihogo akatembea kidogo kuelekea bondeni kutafuta majani. Ukungu ulikuwa unarudi. Nilimwona akififia, miguu kwanza, kisha mgongo, zikabaki pembe peke yake. Baba akainuka ghafla. Bila kufikiri, ikamtoka ile sifa aliyoitunga siku ya kwanza: "Bihogo, mtoto wa mvua ya vuli!"

Pembe zikasimama. Zikageuka. Zikaanza kurudi kwetu.

Mama alikuwa mlangoni. Alisema neno moja tu.

"Amegeuka."

Baba alimtazama mama. Yale maneno ya mkutanoni kila mtu aliyakumbuka, mpaka kuku. Alikuwa amesema mbele ya watu kwamba akimwita akageuka ni wake, na papo hapo ameapa haingii zizini. Maneno yote mawili ni yake, na baba hakuwa mtu wa kumeza neno. Nilimwonea huruma, nawaambia ukweli. Alionekana mdogo.

Alfajiri niliamshwa na mlio wa panga.

Nikatoka. Ukungu mzito, sioni hata miguu yangu. Nikafuata mlio mpaka upande wa chini wa zizi, nikamkuta baba kajaa utomvu mpaka kwenye viwiko. Alikuwa anang'oa minyaa ya upande ule, anaibeba, anakwenda kuichimbia upya nyuma ya Bihogo, kwa kuzunguka. Bihogo kasimama katikati anacheua, hana habari.

"Baba, shikamoo. Unafanya nini?"

"Marahaba. Napanua zizi. Limekuwa dogo."

"Kwa hiyo Bihogo ameingia?"

Akanigeukia kwa ukali. "Nani kakwambia ameingia? Umemwona akipiga hatua? Yuko pale pale alipokuwa amesimama."

Nikaangalia. Kweli hakusogea. Zizi ndilo lililomfuata.

Ndama akaja mbio kupitia pale palipokuwa na ua, akaenda moja kwa moja kwenye kiwele. Baba akaacha panga. Akaweka kiganja chake juu ya lile kovu pajani, akakituliza pale kwa muda mrefu, halafu, akiwa kanipa mgongo, akasema, "Mwambie yule kijana aje na padri wake."

Nililia nikiwa nimeshika mti wa minyaa, utomvu ukaniingia machoni, nikalia kwa mambo mawili.

Tuliozwa kabla ya masika. Bwana mifugo alikuja arusini. Alilitazama lile zizi lenye kitambi, akamtazama Bihogo, akamtazama baba. Kisha akaomba maziwa, akapewa.

Ng'ombe wengine wa baba hawakupigwa chapa kamwe. Kila zoezi lilipokuja walikuwa "wamekwenda malishoni mbali", mpaka zoezi lenyewe likapoa.

Sasa nyie mnaobishana kuhusu hereni, sisemi msivalishe wala sisemi mvalishe. Wizi upo, magonjwa yapo, yule kijana wa Muleba hakuwa mwongo. Nilichojifunza ni kwamba mfugaji anapokataa alama, usikimbilie kumwita mjinga. Muulize kwanza huyo ng'ombe ameahidiwa kwa nani. Na wewe mwenye msimamo, shikilia msimamo wako, ila usimwache mtu analia nje ya ua.

Baba ameshatangulia. Ile minyaa aliyoichimbia ilishika, ikaota, leo ni ua mkubwa. Upande wa chini umevimba kwa nje, haufuati mstari. Mwaka jana wajukuu waliniuliza kwa nini pale ua umepinda.

Nikawaambia, "Hapo ndipo baba yangu aliponiozesha."

Deo alikuwa pembeni, anajifanya kusafisha miwani.

Haya, nimemaliza, vidole vinauma. Mliokulia zizini semeni na nyie ya kwenu, na mnaotaka kunibishia karibuni, nimetoka kwenye ukoo wa wabishi.