Ladu Ishirini na Moja za Sikukuu ya Mavuno

Karatasi ilitoka shuleni Jumatatu, imekunjwa mara nne, na mkalimani wa nyumba nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka sita na Kiingereza cha miezi saba. Mama alikuwa na Kigujarati cha kutosha kuendesha harusi nzima, Kiswahili cha Mombasa cha kutosha kumfanya muuza mchicha ajute kuamka, na Kiingereza cha "thenkyu" na "sori". Basi nikasimama katikati ya chumba chetu cha kupanga, juu ya duka la viatu pale Kingsbury, nikamweleza nilichoelewa. Ijumaa ni sikukuu ya mavuno. Shule yetu ni ya kanisa, kwa hiyo kila mtoto wa darasa la kwanza apeleke chakula kanisani. Kinawekwa mbele ya Mungu, watu wanaimba.

Mama akaacha kukunja nguo. "Chakula gani?"

"Chochote."

"Mungu hapelekewi chochote. Uliza vizuri."

Nilikuwa nimeuliza vizuri, mara mbili. Mwalimu alisema chochote.

Kwa miezi saba hakuna jambo la nchi hii ambalo mama alilielewa upesi kama hilo. Foleni ya basi hakuielewa, mita ya gesi hakuielewa, lakini kumpelekea Mungu chakula, hapo walikuwa wanazungumza lugha moja. Na alikuwa na shida ya kumpelekea. Sisi wawili tulipanda ndege kabla sheria haijabadilika. Baba alikuwa abaki Mombasa wiki mbili tu, amalize habari za duka, na ndani ya wiki mbili hizo Uingereza ikafunga mlango. Sasa alikuwa kwenye foleni ya vocha, kile kibali cha kuingia. Kila barua yake ilisema anakuja karibuni. Nilizihesabu barua zile: "karibuni" kumi na moja.

Miungu yetu ilikaa juu ya kabati, sanamu moja ndogo ya shaba na picha mbili. Mwenye nyumba, bibi Mwingereza wa duka la chini, alikuwa amekataza udi kwa sababu ya harufu, na mama alishuku kwamba maombi yasiyo na moshi hayafiki mbali. Lakini lile kanisa lilikuwa la mawe, lina mnara, lina kengele.

"Nyumba kubwa vile," alisema mama, "haiwezi ikawa haina mtu ndani."

Akanipa maagizo. Atatengeneza ladu, zile tamutamu za mviringo za unga wa dengu, kwa samli, ishirini na moja. Nizihesabu nikitoka, nizihesabu nikifika. Zikishawekwa mbele ya Mungu, Mungu atazila kwa macho yake, halafu padri atawarudishia watu. Zinazorudi ndizo prasadi, chakula kilichokwisha kuguswa na Mungu. Hicho hakikataliwi, hakitupwi, hakiachwi kianguke chini.

"Moja ni ya baba yako," akasema. "Nitampelekea kwa posta."

"Padri atarudisha ngapi?"

"Kwa Mungu hakuna bei." Akafikiri kidogo. "Lakini kumi na tano si mbaya."

"Na asiporudisha?"

"Kwa nini asirudishe? Sadaka isiyorudi ni ombi lililokataliwa." Alilisema hivyo hivyo, kama mtu anayetaja namba ya basi, akaendelea kukunja nguo. Mimi nikalibeba neno lile shuleni kesho yake pamoja na mkoba, na lilikuwa zito kuliko mkoba.

Mwalimu wetu alikuwa mrefu, na mikono ya sweta yake ilikuwa na chaki mpaka kwenye viwiko. Kwa wiki tatu alikuwa anatufundisha kwamba vitu kuanguka ni jambo zuri. Karibu na dirisha aliweka meza, tukaijaza tulivyookota njiani: majani mekundu na ya manjano, na zile mbegu ngumu za kahawia zinazong'aa kama zimepakwa samli. Majani aliyapiga pasi katikati ya karatasi zenye nta, akayabandika kwenye kioo. Hesabu tulifanya kwa majani, matano mekundu na matatu ya manjano. Wenzangu walifurahi. Mimi nilitazama mti wa uwanjani, kila siku umepungua, nikawaza mbona hakuna anayeita daktari. Mkungu wa kwetu huangusha majani mekundu pia, lakini mengine yanakuwa yameshaanza kuchipua. Mti una akili ya biashara. Miti ya hapa ilikuwa inatoa kila kitu bila dhamana.

Zile mbegu nilizifanyia soko. Wavulana walizitaka kwa kugonganisha, mimi nilizitaka kwa kuwa wao walizitaka. Mpaka Jumatano nilikuwa nazo kumi na nne.

Jumatano hiyo mwalimu alitukalisha kwenye zulia akatueleza mambo yatakavyokwenda. Tutaingia kanisani kwa mstari. Kila mmoja ataweka alichobeba kwenye ngazi za madhabahu. Tutaimba, padri ataomba, na baada ya hapo wanaume wa kanisa watafunga chakula kwenye maboksi na kuwapelekea wazee wa mtaa.

Nikainua mkono. "Chote?"

"Chote," akasema, uso unang'aa, kama aliyetuletea habari njema.

Hapo ndipo nilipojua kwamba katika nyumba ile hakuna kinachorudi, na mama nyumbani alikuwa ameshachekecha unga. Ningemwambia? Angeacha kutengeneza, na ombi lisingepelekwa kabisa. Nisipomwambia, lingepelekwa likakataliwa. Nililipima upande huu na upande huu, sikuona faida popote.

Wenzangu walipotoka kucheza nikabaki mezani kwa mwalimu. Kiingereza changu kilikuwa kibovu lakini namba zake nilizijua. Nikamwambia mimi naleta ishirini na moja. Wazee wachukue kumi, mimi nichukue kumi na moja. Akaweka kalamu chini. Nikashuka: wazee kumi na tano, mimi sita. Akainama mpaka uso wake ukawa karibu na wangu, akauliza polepole kama nyumbani tuna chakula cha kutosha.

Nikatikisa kichwa upande huu na upande huu, ile namna yetu ya Kihindi ya kusema ndiyo, tele, hilo lisikusumbue. Macho yake yakalowa. Akanishika bega, akaandika kitu kwenye daftari lake dogo. Nilifikiri ameandika sita.

Lakini sikuwa na uhakika, na mtu asiye na uhakika hutafuta shahidi. Jikoni kwa shule kulikuwa na mama wa Kizanzibari, aliyekimbia Unguja baada ya Mapinduzi akaishia kutupakulia viazi vya kuponda. Alinigundua wiki ya kwanza, aliposikia mtu kwenye foleni anahesabu vijiko vyake kwa Kiswahili.

"Una nini leo?" akaniuliza siku ile. "Viazi vimekukosea nini?"

Nikamweleza yote, ladu, prasadi, wazee, baba. Akasikiliza huku anapakua.

"Sadaka hairudi, mwanangu. Ukiitoa umeitoa. Ikirudi hiyo ni azima."

"Yetu inarudi."

"Basi Mungu wenu ana adabu kuliko majirani zangu. Bakuli langu mwaka wa pili huu sijaliona."

"Mama, mwambie mwalimu."

"Nimwambie nini? Kwamba mtoto anataka chenji ya Mungu?" Kisha akaniona uso, akaacha mzaha. "Ijumaa nitakuwepo, mimi ndiye ninayewapikia chai. Kula."

Sikula.

Ijumaa mama alisema anakuja mwenyewe. Hilo sikuwa nimelipigia hesabu. Alivaa sari yake ya kijani, sweta juu ya sari, koti juu ya sweta, na soksi ndani ya sandali. Ladu zilipangwa kwenye sinia dogo la stili, zimefunikwa kitambaa cheupe. Nilizihesabu mlangoni, ishirini na moja. Nilizihesabu kwenye lango la kanisa, ishirini na moja. Mama akavua sandali penye mlango, akaziweka sawasawa kando ya ukuta, jozi pekee, akaingia na soksi.

Tulipita kwa mstari. Wenzangu waliweka tufaha, karoti, mikebe ya njegere. Kulikuwa na mkate mkubwa uliofinyangwa kama mganda wa ngano, na boga refu la kijani lililolala kama mgonjwa. Nikaweka sinia langu katikati ya boga na mikebe, nikalifunua, nikampa mama kitambaa chake, nikarudi kukaa, na muda wote wa nyimbo sikuondoa macho. Watu walipofumba macho kuomba, mimi niliyafumbua zaidi. Hakuna aliyegusa. Ishirini na moja.

Kisha ikaisha. Watoto wakaanza kutolewa kwa mstari, wanaume wawili wakaingia na maboksi, na mama akasimama. Alikwenda mbele katikati ya kanisa bila haraka, soksi zake hazitoi sauti, akafika kwenye ngazi, akamkingia padri viganja, cha kulia juu ya cha kushoto, kama kila aliyewahi kungoja prasadi tangu dunia iumbwe. Akangoja.

Padri alikuwa mzee mwenye masikio makubwa. Akaitazama mikono ile, akaishika yote miwili, akaitikisa kwa furaha. Alipoiachia, mama akaikinga tena.

Nilitoka kwenye mstari. Nilitaka kukimbia nikachukue hata ladu moja, lakini prasadi ya kuiba si prasadi, hata mtoto anajua. Mwalimu akanipita akaenda kumnong'oneza padri sikioni, akafungua lile daftari dogo. Padri akaniangalia, akamwangalia mama, uso wake ukaingia huruma. Akageuka kwenye ngazi. Mkono wake ukapita juu ya sinia letu. Ukapita juu ya mkate. Akachagua kitu alichoona kitashibisha zaidi, akakiweka kwenye viganja vya mama kwa mikono miwili, na kusema maneno ya baraka.

Ulikuwa mkebe. Kwenye karatasi yake palichorwa samaki, anacheka.

Nyumbani kwetu hata yai halikuingia. Bibi yangu aliwahi kuhama nyumba Mombasa kwa sababu ya jirani aliyekaanga dagaa. Na sasa hiki kilikuwa kimetoka mbele ya Mungu, mkononi mwa padri, ndani ya viganja vilivyokingwa. Hakikataliwi, hakitupwi. Yule mama wa Kizanzibari alikuwa amefika na birika lake la chai, akauona mkebe, akaelewa kabla yangu.

"Samaki, dada," akasema taratibu.

"Naona," mama akajibu.

"Mrudishie tu. Nitamwambia hamli, hatachukia."

"Prasadi hairudishwi." Mama hakuondoa macho kwenye mkebe. "Amesema nini huyu mzee?"

"Amesema Mungu akubariki. Na kwamba ipo mingine, ukihitaji."

Kitu kikapita kwenye mdomo wa mama, sikujua kama ni kicheko au kilio. Akafunga vidole juu ya mkebe, akaugusisha machoni, jicho hili na jicho hili, akaufunika na kile kitambaa cheupe. Nyuma yake ladu zilikuwa zinaingia kwenye boksi, na sikuzihesabu zikiingia.

Tulitembea mpaka nyumbani. Mkebe hakuuweka juu ya kabati. Alifungua dirisha akauweka nje, kwenye kizingiti, akafunga. Hapo nikashindwa. Nikamwambia nilijua tangu Jumatano kwamba hazirudi, na kwamba sasa baba hatakuja, na ni mimi.

"Najua kwamba ulijua," mama akasema. "Tangu Jumatano huli." Akavua koti, akalitundika. "Niambie. Katika nyumba hii, nani anayekula samaki?"

Kila Jumapili kule Mombasa baba alikuwa ananichukua kwenda kutazama meli. Tuliziona meli mara moja. Jumapili nyingine zote alikaa uani kwa rafiki yake, akala samaki wa kukaanga kwa ndimu na pilipili, kisha akanawa mara tatu, akatafuna iliki njia nzima. Kinywa changu alikinunua kwa kashata mbili. Alianza na moja.

"Sijui," nikasema.

"Unajua. Na mimi najua. Harufu ya samaki haiogopi iliki." Akatazama dirishani. "Basi ule una mwenyewe. Mungu hakutujibu mimi na wewe. Amemjibu yeye."

Nilitaka kuamini. Lakini mkebe ulikaa nje peke yake, na kulikuwa na paka. Niliukagua asubuhi, nikaukagua nikitoka shule. Mwalimu alimaliza mavuno akaingia kwenye ile sikukuu yao ya fataki, akamaliza fataki akaingia kwenye Krismasi, na kila aliposema tulete kitu, niliuliza kwanza kama kinarudi. Theluji iliufunika mkebe, nikaufukua na rula. Karatasi ya yule samaki ilipauka mpaka hakujulikana tena kama anacheka. Barua zilikuja, karibuni, karibuni.

Baba alifika mwezi wa sita, amekonda, suti ile ile. Walilia kidogo, wakanywa chai. Kisha mama akafungua dirisha, akaleta mkebe, akauweka mbele yake pamoja na kifungulio na uma ambao sikuwahi kuuona.

"Nini hiki?" baba akauliza.

"Prasadi yako. Ya mavuno."

Akaugeuza, akasoma ubavuni, akanitazama. Mimi nikatazama dari.

"Lakini mimi sili samaki," akasema.

"Utakula nje, kwenye ngazi," mama akamwambia. "Na usibakize, ni dhambi."

Akaenda. Nilisikia bati likikatwa, kisha kimya, kisha uma ukigonga ndani ya mkebe, haraka haraka. Mama alisimama mlangoni na jagi la maji ya kunawa, amempa mgongo, akingoja amalize.