Zamu ya Kufagia ya Bibi Gerlinde

Katika nyumba yetu ya kupanga hapa Esslingen, Ujerumani, mtu atasamehewa akisinzia kanisani, hata akipiga tarumbeta mchana kutwa, lakini ole wake aache jani uani siku ya Jumamosi. Kila wiki kibao cha zamu huhamia mlango mwingine, na mwenye kibao ndiye mwenye ufagio. Msimamizi wa sheria hiyo, ambaye hakuna aliyemchagua, ni Bibi Gerlinde wa ghorofa ya chini. Ameshona mapazia ya watu maisha yake yote, amemzika mumewe, amemlea mjukuu wake Ronja tangu mama mtu alipohamia ng'ambo, na katika yote hayo ua wetu haukuwahi kulala mchafu. Mimi mwenyewe aliwahi kunigongea mlango nikarudie kona moja. Nilikasirika, nikarudia.

Basi Ronja alipotangaza kwamba harusi yake itafanyika hapo hapo uani, mwezi wa Oktoba, juu ya zulia la majani yaliyopukutika, wapangaji tulitazamana.

"Majani?" Bibi Gerlinde akauliza. "Yaani uchafu?"

"Si uchafu, Bibi, ni pambo. Maua kila mtu anaweka. Mimi nataka yale niliyokuwa nalilia utotoni, ukiyafagia kabla sijayachezea."

"Na wageni watasema nini?"

"Watasema bibi harusi kapendeza. We niahidi tu hutayagusa."

"Haya, naahidi," akasema, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

Ijumaa jioni tukamwaga majani mekundu na ya manjano kutoka getini hadi chini ya mti wetu mkubwa. Mengine Ronja aliyachovya kwenye nta yasinyauke, akayatunga na kuyafunga vitini. Kulipendeza, jamani! Ila wiki hiyo kibao kilikuwa mlangoni kwa Bibi Gerlinde, naye hakuiamini mikono yake. Akakichukua, akakitundika kwa Bwana Hinrichs.

Huyu Hinrichs ni dereva wa treni, mtu wa kaskazini, na hajawahi kufagia akamridhisha Bibi. "Unafagia au unaubembeleza uchafu?" humuuliza kila zamu yake. Wiki nzima alikuwa safarini, na habari ya pambo la majani haikumfikia. Alfajiri ya Jumamosi akarudi, akakiona kibao.

Tulipoamka, ua ulikuwa unang'aa. Hata mfereji ulisuguliwa. Katikati alisimama Hinrichs na ufagio wake, anatabasamu.

"Leo huna la kusema, mama! Nimejua harusi ni ya mjukuu wako, nikafagia mara mbili. Majani yote nimeyapeleka jalalani."

Ronja alitokea na gauni lake jeupe, akaona, akakaa kwenye ngazi akaanza kulia. Wageni walikuwa njiani. Bibi Gerlinde alifungua mdomo kumfokea Hinrichs, kisha akakitazama kile kibao, akaufunga. Ni yeye aliyekitundika.

"Lete ngazi ya kupandia mtini," akamwambia.

Yeye mwenyewe aliugeuza ufagio, akaanza kuyachapa matawi kwa mpini. Majirani walijaa madirishani.

"Gerlinde, unachafua!" mmoja akapiga kelele.

"Naona! Shukeni mnisaidie! Na wewe Hinrichs, tikisa tawi, hujala?"

"Natikisa, mama!"

Majani yakamwagika, mengi kuliko ya jana, juu ya viti, juu ya keki ya plamu, juu ya kichwa chake. Ronja akacheka huku kamasi zinamtoka.

Kwa kuwa mama mtu alikwama uwanja wa ndege, bibi ndiye aliyemshika mkono bibi harusi. Katikati ya njia Bibi Gerlinde akasimama. Akaburuta mguu mmoja ndani ya majani, halafu wa pili, akasikiliza.

"Kumbe majani hulia hivi?" akanong'ona. "Nami nilikuwa nakunyima hiki?"

"Twende, Bibi, Jannik ananisubiri."

"Atasubiri. Tuburute tena kidogo."

Wakaburuta miguu mpaka kwa bwana harusi. Mimi nililia, sifichi.

Wageni walipoondoka, Hinrichs alikuja na ufagio. Bibi Gerlinde akamnyang'anya, akaufungia stoo, akaweka ufunguo mfukoni. Jumapili asubuhi nilisikia mchakacho chini ya dirisha langu. Nikachungulia: alikuwa peke yake uani, amevaa viatu vya harusi, anayapiga majani mateke.