Posa ya Mariakani na Madafu ya Kaloleni

Safari yenyewe ilikuwa ya posa. Mpwa wangu Athumani, mtoto wa dada yangu Zubeda, alikwenda Mariakani kufanya kazi ya maziwa, akarudi Malindi hali chakula. Kumbe kuna binti huko, jina lake Mwaka, na binti ana baba, Mzee Kazungu, aliyekuwa dereva wa malori. Mzee huyo alikwisha kuwarudisha washenga wawili kabla yetu. Huwauliza maswali mpaka wakajikanyaga, kisha huwaaga vizuri. Athumani akaapa kwamba akimkosa Mwaka haoi tena. Basi nikachaguliwa mimi, kwa kuwa nina maneno, na kwa kuwa nina gari.

Gari lilikuwa la Kifaransa, refu, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Na hapa niseme langu. Mfaransa ndiye aliyejua gari ni nini: likiingia shimoni, wewe uliye ndani waona kama umeketi kwenye kochi la mkweo. Mjapani sina ugomvi naye, lakini ukifunga mlango wa gari lake wasikia sahani ya bati. Miaka ile ya themanini kila kijana wa Malindi aliyempata Mtaliano wa kumtembeza alitaka Mjapani mwenye kaseti, vioo vya giza, na nyuma kumeinuliwa juu, gari limeinama kama linatafuta sindano. Ukiuliza kwa nini, waambiwa ndio mtindo.

Asubuhi tukaondoka, mimi na dada Zubeda tu, maana mwoaji haendi kujiposea. Tulipopita Gede na kuingia msitu wa Sokoke dada akafungua mdomo.

"Mbwana, tukifika kwa watu, habari za magari uziache nje pamoja na viatu."

"Dada, mimi ni mtoto?"

"Mtoto angesikia."

Kilifi tukapanga foleni ya feri. Pale abiria wote hushuka, dereva hupandisha gari peke yake. Nyuma yangu kijana na Mjapani wake, muziki umefunguliwa hata ng'ambo ya pili wausikia.

"Shikamoo babu. Hilo linavuka au linapelekwa makumbusho?"

"Marahaba. Linavuka. Punguza hicho kinanda, milango yako itabanduka."

Watu wakacheka, naye akacheka, akanipa njugu. Siku hizo hata ufidhuli ulikuwa na adabu yake.

Tulipopita Mavueni tukaiacha lami, tukashika barabara ya udongo mwekundu ya Kaloleni. Vilima vile si mchezo. Katikati ya kimoja Mfaransa akaanza kutoa moshi kama jiko la kuni. Nikafungua boneti: paipu la rejeta, ambalo nililifunga mwenyewe kwa mpira wa baiskeli, limeachia, maji yote yamekwenda. Kosa langu, si la Mfaransa. Nikalifunga upya, nikaenda kwenye nyumba ya jirani kuomba maji.

"Maji tunayafuata mbali, baba," mama wa pale akasema, "na leo hatujenda. Lakini madafu yapo, mnywe mpoe."

Tukanywa. Nami nikiwa nanywa, akili ikanijia. Dafu ni maji. Tena ni maji safi, hayajaguswa na mkono wa mtu. Kama yanafaa figo zangu, rejeta ni nani?

"Mbwana, hicho ni kinywaji," dada akasema.

"Na gari lina kiu."

Yule mama akaita jirani zake waje waone. Nikapasua, nikamimina, nikapasua, nikamimina, mpaka rejeta ikajaa. Wallahi gari likawaka na kuondoka kwa heshima zote.

Adhuhuri imepita tukaingia Mariakani. Toka mbali nilikwisha kusikia harufu, nikanyamaza. Tuliposimama mbele ya nyumba ya Mzee Kazungu ilikuwa ni halua kabisa inayopikwa mle ndani ya boneti, na nyuki wametuandama. Mzee akatoka kibarazani na fulana yake, akavuta pua.

"Hodi," nikasema.

"Karibuni. Bwana, mwapika nini humo?"

Nikaona nikisema uongo nitaulizwa la pili. "Madafu, mzee."

"Madafu! Kwenye rejeta?" Akashuka ngazi, amesahau hata kunipa mkono. "Fungua! Fungua nione!"

Dada Zubeda akanitazama jicho moja, akaingia ndani kwa mkewe, Mama Mwaka. Mimi na mzee tukainama chini ya boneti, na posa nikaiona inakwenda na ule mvuke.

"Nimeendesha Mwingereza miaka yote," mzee akasema, kichwa kimo ndani, "mpaka mpakani na kurudi. Sijapata kuona gari lililokunywa dafu. Huyu Mfaransa ni gari la mabwana harusi."

"Na Mwingereza ni gari la kuvunja kiuno."

"Kiuno chako au cha gari?"

"Vyote viwili, mzee. Huwezi kuniambia lori lile lilikuwa na springi."

Akanguruma. Nikajua nimekwisha, lakini ulimi ulikwisha kuteremka mlima bila breki. Tukabishana springi, tukabishana gia. Mikono yake ilikuwa imefika kiwikoni kwenye paipu langu, akilikata na kulivuta, na nyuki wanamzunguka masikio.

Mama Mwaka akatoka mlangoni, dada nyuma yake, na majirani wawili watu wazima nyuma ya dada. Akasema kwa sauti ya kutosha, "Baba Mwaka, hawa wageni wametoka Malindi kumposa Mwaka. Tuwakubalie?"

"Wakubalie, wakubalie," mzee akasema bila kuinua kichwa, "na niletee ile spana ndogo."

Vigelegele vikapasuka. Mzee akajigonga kichwa kwenye boneti.

"Kuna nini? Nimekubali nini?"

"Umemwoza Mwaka," mkewe akasema, "mbele ya mashahidi. Spana hii hapa."

Mzee akanitazama. Mimi nilikuwa nimepumbaa kuliko yeye. Maneno yote niliyoyapanga toka Malindi sijasema hata moja. Akaipokea ile spana. Kisha akasema, "Neno likishatoka limetoka. Lakini Mwingereza alikuwa na springi." Akarudi kukaza paipu.

Jioni tukarudi, rejeta imeoshwa na kujazwa maji matupu. Kwenye foleni ya feri ya Kilifi nikamuuliza dada ni nani aliyechagua wakati ule wa kuuliza, yeye au Mama Mwaka. Akasema nitazame mbele, zamu yetu inafika.

Waliooana wana watoto sasa. Nilichojifunza katika safari ile ni kimoja: kila nikiwa na haja kwa Mzee Kazungu, siendi kwake mikono mitupu. Naenda na gari bovu.