Wimbo wa Betri Zilizochoka

Binti yangu ameniwekea kwenye simu mkusanyiko wa nyimbo bora za yule mwimbaji mkongwe, mzee wetu wa enzi za kaseti, kisha akaniambia, "Mama, wewe ni mwalimu, mpe maksi." Nilikuwa nimekaa nje hapa kwangu Nemba, ungo wa maharage mapajani. Nikamwambia haya, washa, nisikilize huku nachambua.

Nikwambie ukweli rafiki yangu, mwanzoni nilimbania. Nyimbo za mwanzo amezirekodi upya. Magitaa yametolewa, kimewekwa kinanda kinacholia kama cha mkutano wa kampeni. Sauti nayo imepauka. Pale alipozoea kupanda, sasa anaishia njiani na waitikiaji wanammalizia. Nilishaanza kumkatia maksi bila huruma ndipo ukaingia wimbo mmoja ambao hawakuugusa, uko vilevile ulivyorekodiwa zamani. Niliutambua kwa maneno yake tu, maana ulikuwa unakimbia. Mkono wangu ukasimama kwenye ungo.

Wimbo ule niliujulia kwa bibi, Ngara, miaka ile wakimbizi walipojaa upande wetu hadi kilima cha ng'ambo kikawa bluu tupu kwa mashitingi, yale maturubai ya plastiki waliyoezekea vibanda vyao. Bibi alikuwa na redio kaseti aliyoachiwa na marehemu babu, na redio ile ilikuwa na sheria yake. Betri mpya zilikuwa za matangazo ya vifo. Bibi alisema haiwezekani mtu wetu azikwe huko mbali nasi tumekaa tunamenya ndizi. Zikishachoka alizianika juani, kando ya mihogo, zipate nguvu kidogo, na hapo ndipo muziki uliporuhusiwa. Kwa hiyo nyumbani kwetu mkanda ulizunguka polepole na kila mwimbaji aliimba kama aliyeamshwa usingizini, na sisi tulidhani ndivyo waimbaji walivyo.

Basi alikuwepo mama mmoja kijana kutoka Burundi, aliyekuwa akitoka kambini asubuhi kuja kupalilia migomba ya bibi. Jioni alirudi kambini na ndizi na mihogo, na mara nyingine alituletea unga wa njano wa mgawo, ule uliotoa ugali wenye harufu ya gunia. Bibi alitukataza kumwita mkimbizi. Tulimwita mgeni. Kirundi chake na Kihangaza cha bibi vilielewana tangu siku ya kwanza, na Kiswahili alijifunza kwangu, nami nikajiona mwalimu kweli.

Siku moja alifungua pindo la kanga akatoa kaseti. Ndicho kitu pekee alichovuka nacho mpaka, na hakuwa na redio ya kuipigia. Bibi akaiweka. Wimbo ukatoka mzito, wa kujikokota, bibi akatikisa kichwa kwa uchungu na kusema huyu mwimbaji anajua kuomboleza.

"Mama, huu si wa kuria," mgeni akasema. "Huu ni wa harusi yangu."

Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi. Harusi gani ya kujikokota hivyo? Mgeni akaweka jembe chini, akaanza kupiga makofi upesi upesi, akaimba na kucheza katikati ya migomba ili tuone ulivyo. Hakufika mbali. Alikaa juu ya majani makavu akalia, na bibi akaacha kucheka. Yeye na mume wake walipotezana siku ya kukimbia, na alikuwa akimuulizia kwa kila aliyefika kambini.

"Nikiusikia hivi, namwona anatembea kama mgonjwa," alisema. "Nataka nimwone anacheza. Mara moja tu, mama."

Bibi akamwahidi: akiuza maharage atanunua betri mpya, na kabla ya tangazo lolote la kifo zitaanza na ule wimbo. Kwa jinsi nilivyomjua bibi, ile haikuwa ahadi ndogo.

Betri zilinunuliwa. Zilikaa kabatini kwenye karatasi yake, hakuna aliyezigusa. Lakini mgeni hakuja siku ile, wala ya pili yake. Jirani akatoka kisimani na habari kwamba watu wa kambini wanarudishwa kwao, malori yanapita tangu jana. Bibi akafungua kabati. Alitia betri, akatia kaseti ambayo mgeni alikuwa ametuachia, akaifunga redio mgongoni kwa kanga kama mtoto, akanishika mkono tukashuka mpaka barabara kubwa.

Malori yalipita, watu wamebanana na magodoro na masufuria yao, nyuso nyeupe kwa vumbi. Bibi aliliita jina lake kwa kila lori. Wengine waligeuka, hakuwa yeye. Lilipopita la mwisho nilimwomba bibi tuupige, angalau tuusikie. "Tuupige tumchezee nani?" akasema. "Mwenye harusi ameshaondoka."

Jioni ile betri zilisikiliza vifo, na kaseti ilirudi redioni zilipochoka. Bibi naye alipofariki, wajukuu tuliuimba kwenye matanga yake, polepole, kama tulivyouzoea. Siku hizi kile kilima kina mashamba na miti, ukipita huwezi kujua.

Binti aliyaona machozi yangu. "Mama, wimbo unakwenda mbio sana? Simu inaweza kuupunguza mwendo."

Nikamshika mkono. "Uache," nikamwambia. "Uache ukimbie."

Nikafumba macho, na yule mwanamume nisiyemfahamu hata sura akacheza, mkewe akimpigia makofi. Kisha ukaisha. Kwa bibi wimbo ule, kwa kujikokota kwake, ulitosha kuchambua ungo mzima. Binti akaniuliza tena maksi ngapi, nikarudisha mkono kwenye ungo. Maharage yangu hayakuwa yamefika hata nusu.