Tetemeko la Nyumbani kwa Bi Rukia

Leo tetemeko la ardhi limepatikana hapa Pate. Lina miguu minne.

Mtafiti wa matetemeko alifunga kipimo chake ukutani kwa jirani yangu, Bi Rukia. Leo karudi, kakisoma, rangi ikambadilika.

"Bi, hama! Nyumba inatikisika kila siku."

"Bwana, harusi ya binti yangu ni Ijumaa. Wageni niwapeleke wapi? Hutikisika saa ngapi?"

"Baada ya alasiri."

"Basi njoo nje, ndiyo saa yake."

Punda wa Bi Rukia, katoka kubeba mawe, alikuwa akijikuna ukutani kwa raha zake zote.

Mtafiti kacheka hadi kaketi chini. Kisha kampigia simu daktari wa mifugo.

Harusi iko palepale. Mtafiti kaalikwa. Punda naye, akishapakwa dawa ya upele.

Kwenu hutikisa nani?